Usiamue Kitu Hadi Kesho

"Huna dereva, huna dripu," alisema Bi Maxine wa mapokezi, wala hakuinua macho.

Kliniki ilikuwa imejaa pomoni asubuhi ile ya San Antonio, askari wastaafu watupu, kila mmoja akigombea kiti kinachotazama mlango. Mbele ya kaunta alisimama Hollis Kubiak, sajenti aliyetegua mabomu Afghanistan miaka minne, kofia mkononi, shati limepigwa pasi hadi linakwaruza. Jirani aliyemleta alikuwa ameshatokomea kuvua samaki. Na dawa ya pale ni ketamini, ile ile inayolaza farasi kwenye operesheni. Ukitundikiwa kwa ajili ya kiwewe cha vita, huruhusiwi kurudi nyumbani peke yako, hata uwe jenerali.

"Dereva ninaye, bibie. Yule pale."

Akamnyooshea kidole mwanamke ambaye hakuwahi kumwona tangu azaliwe. Gauni la njano, buti za buluu, hereni zinagusa mabega. Delfina Treviño, Fina kwa kifupi, akamtazama toka utosini hadi kisiginoni.

"Mimi? Kaka, mimi mwenyewe nimekuja kutundikiwa!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hollis masikio yakamwiva.

"Usijali," Fina akamwambia, naye akijifuta machozi ya kucheka. "Leo shangazi yangu atatubeba wote. Ila wiki ijayo tugawane siku. Yako nikupeleke mimi, yangu unipeleke wewe. Shangazi kachoka, nikitoka kwenye dripu namwimbia njia nzima."

"Unaimba vizuri?"

"Kama mbuzi."

Ikawa hivyo. Dripu sita kwa kila mmoja, kwenda na kurudi kwa pikapu ya Hollis. Siku ya kwanza Fina alipomchukua baada ya dripu, alimkuta akiiomba radhi chapati ya mayai kabla ya kuing'ata.

"Sajenti, hiyo haikusikii."

"Wewe ndiye huisikii, kipenzi."

Hilo "kipenzi" lilimtoka tu. Fina akajifanya anatazama taa za barabarani, na taa zenyewe hazikuwepo.

Baada ya dripu ya tatu Hollis alimpigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Fina! Nimelala saa sita mfululizo!"

"Na mimi umeniamsha, mwehu wewe!"

Akakata simu, akalia kwa furaha. Yeye aliwahi kuendesha malori ya mafuta Iraq, akaona la mbele yake likilipuka. Saa sita za usingizi alijua thamani yake. Alikuwa amempenda yule mtu, hakuna cha kuficha. Kilichomtisha ni kimoja: huyu anayemchekea ni Hollis, au ni dawa? Dawa ikimwisha mwilini, atabaki nani?

Alhamisi Hollis akamaliza dripu yake ya sita. Akafungwa mkanda garini, macho yanaelea, akamshika Fina mkono.

"Fina, nioe."

"Nikuoe mimi?" Fina akacheka hadi akagonga honi. "Mahari utaletewa ng'ombe wangapi?"

"Nasema kweli, mpenzi."

"Fomu uliyotia sahihi inasemaje? Usiendeshe gari, usitie sahihi hati yoyote, usifanye uamuzi mkubwa hadi kesho. Haya, lala."

Ijumaa ndiyo iliyokuwa kesho. Fina akaingia na simu hadi bafuni. Haikulia. Jumamosi, kimya. Jumapili shangazi akamuuliza nani kafa. Fina akajijibu mwenyewe: basi, ilikuwa dawa.

Jumanne ilikuwa siku ya dripu yake ya mwisho. Ahadi ni ahadi, Hollis akaja kumchukua. Njia nzima wakazungumzia hali ya hewa, na hewa ilikuwa ile ile ya jana. Aliporudishwa garini, ulimi wa Fina ukawa hauna breki.

"Mbona hukuniuliza tena, bwege wewe?"

"Si ulinicheka!"

"Nilicheka neno, sikukucheka wewe! Ijumaa nzima nimekaa na simu hadi sikio likapata moto!"

Hollis akaegesha pembeni. "Basi nakuuliza sasa hivi. Fina..."

"Nyamaza!" Fina akaziba masikio. "Leo mimi ndiye nimetoka kwenye dripu! Nisiamue kitu hadi kesho!"

"Yesu na Maria."

"Kesho saa tano. Uje." Kisha akaanza kuimba.

Jumatano saa tano mlango ukagongwa. Fina, gauni jekundu, mdomo umepakwa rangi mara mbili, akafungua, na tabasamu likamfia usoni. Hollis hakuwa na kofia. Shati limekunjamana, macho mekundu.

"Sikulala," akasema. "Jirani alibamiza mlango wa gari, nikajikuta mvunguni. Nimekaa humo hadi kunakucha. Daktari alisema siku kama hizi zitakuja, ila zitapungua. Sijui. Nilitaka nisije, Fina. Halafu nikaona nije hivi hivi, usije ukasema nilikuficha. Leo sina dawa mwilini. Aliyebaki ndiye huyu. Utamkubali?"

Fina alimtazama toka utosini hadi kisiginoni. Usiku kucha mvunguni, na bado alikuwa amekuja, saa tano kamili.

"Kitanda chako kikubwa kiasi gani?"

"Kitanda?" Hollis akababaika. "Kidogo. Cha mtu mmoja."

"Hakifai." Fina akamvuta ndani kwa kola ya shati. "Tununue sita kwa sita. Mvunguni mwa hicho chako hatutaenea wawili."