Madigadi ya Kulia

Jumamosi asubuhi, simu ilipigwa kwenye kituo cha polisi cha Caldera Wells: mtu amelaliwa na gari. Inspekta Marisela Quiroz alipofika kwenye gereji ya akina Kroeger alimkuta mlangoni mzee mmoja mwenye mabega mapana, kofia mkononi. Alikuwa Gaylord Hanneman, mkuu mstaafu wa zimamoto, ambaye mji mzima ulimwita Chifu.

"Nimechelewa, Marisela," alisema. "Jeki imemponyoka."

Ndani lilikuwemo gari la uokoaji: pikapu nyekundu yenye masanduku ya vifaa ubavuni na taa mbili za kuzunguka juu ya paa. Halikuwa gari la zimamoto. Lilikuwa nakala ya gari la mchezo wa televisheni wa miaka ya sabini, ambalo marehemu Delbert Kroeger alilitengeneza kwa mikono yake. Delbert alikuwa amefariki, na chama cha mashabiki wa mchezo ule kilikuwa kinalifufua. Chini yake ilitokeza miguu ya fundi wao, Wendell Pruitt. Alishakuwa baridi.

Quiroz alipiga magoti. Vali ya kushushia jeki ilikuwa imezungushwa hadi mwisho. Stendi mbili za chuma, ambazo fundi yeyote huziweka kabla hajaingia chini ya gari, zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani.

"Jeki haijifungui yenyewe," alisema. "Na hii madigadi ya mbele kulia iko wapi?"

Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na matundu ya bolti tu.

Chifu alitikisa kichwa. "Wezi wa siku hizi! Hata madigadi iliyokwanguliwa mpaka bati wanaibeba. Kabla ya leo mimi sijakanyaga humu tangu Jumapili, lakini ungeniuliza ningekwambia, yule Roscoe wa chama cha mashabiki anaitaka hii gari kufa na kupona."

Roscoe Tibbets aliletwa kabla ya saa sita mchana. Alikuwa mwembamba, mwenye hasira za karibu, na hakujifanya kusikitika.

"Pruitt alikuwa mpumbavu," alisema. "Alipaka mlango rangi nyekundu ya nyanya! Gari la televisheni lilikuwa jekundu la damu. Mtoto wa shule anajua."

"Ndiyo maana ulimwambia mbele ya chama kwamba gari hili litamlalia siku moja?"

"Nilisema. Na nilimwambia pia mke wake alikuwa na akili kumkimbia. Utanifunga kwa mdomo?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu, peke yangu. Andika hivyo, afande, ufurahi." Alikunja mikono. "Alinipigia simu alasiri. Nikadhani anaomba radhi, kumbe wapi! Ananiuliza nani aliliendesha hili gari kwenye gwaride la mwaka themanini na nane. Nikamwambia mimi si babu yako wa hadithi, kamuulize Chifu. Nikakata."

Quiroz aliandika jina la Chifu.

Nadine, mjane wa Delbert, aliishi nyumba ya mbele. Alimpokea jikoni, kikombe cha kahawa mkononi, bila kumkaribisha kiti.

"Mnasema niliua? Nilitaka atoke, kweli. Miaka miwili ananijazia vumbi, anavuta sigara kwenye uwanja wangu wa kuanikia nguo, ananijibu kama mbwa. Lakini gari la Delbert nililionea huruma kulikabidhi kwa mwingine. Pruitt alikuwa na mikono."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana mchana, nilimpelekea mkate wenye nyama. Hata ahsante hakusema."

"Madigadi ya kulia ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Nyekundu, inang'aa. Alisema ndiyo ya mwisho, ataianza akishakula."

"Iliwahi kutengenezwa zamani?"

Nadine alifikiri. "Mara moja. Gaylord alirudi nalo kutoka kwenye gwaride, pua imebonyea. Akasema amegonga mnyama, paa. Delbert akaizibia usiku uleule, maskini, alimpenda kama mdogo wake."

Quiroz alirudi gereji. Karibu na pale pasipo na madigadi, fundi alikuwa ameacha lundo la unga wa msasa, wa rangi ya waridi iliyopauka: ile dawa ya kuzibia bodi iliyobonyea. Aliuchekecha kwa ncha ya kisu. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya rangi ya manjano, vyembamba kama ganda la kitunguu. Aliviangalia kwa muda mrefu. Kila polisi wa Caldera Wells, anapoanza kazi, huonyeshwa jalada la Carlene Dufresne, msichana aliyegongwa usiku wa gwaride la mwaka themanini na nane akiwa kwenye baiskeli yake ya manjano na kuachwa barabarani. Aliyemgonga hakupatikana.

Alasiri aliwaita wote watatu kwenye gereji. Mwili ulishaondolewa.

"Tufanye haraka," Roscoe alisema. "Kuna watu wana maisha."

"Jana mchana madigadi ilikuwa na rangi yake yote," Quiroz alisema. "Mama Kroeger aliiona. Leo asubuhi haikuwepo. Aliyejua kwamba imekwanguliwa mpaka bati ni mtu aliyeingia humu jana baada ya chakula cha mchana. Chifu, wewe uliniambia hujakanyaga humu tangu Jumapili."

Chifu alicheka. "Nimekisia. Fundi anakwangua, ndiyo kazi yake."

"Chini ya dawa aliyoziba Delbert kulikuwa na rangi ya manjano. Gari hili halijawahi kuwa la manjano. Na paa hawapakwi rangi."

Nadine aliweka mkono mdomoni.

"Binti yangu, angalia unachosema," Chifu alisema, sauti imeshuka. "Nimetoa watu kwenye moto mji huu kabla hujajua kusoma."

"Mimi si binti yako. Askari wangu wako kwako sasa hivi. Mkeo ndiye aliyewafungulia banda la mashua. Wameikuta madigadi imefunikwa turubai."

Mabega yale mapana yalilegea.

"Aliniita," alisema baadaye. "Pruitt. Alikuwa anafurahi, yule mwanaharamu. Akaniambia Jumatatu anakwenda polisi, na chama kizima kitajua mimi ni nani. Nikamwambia aniache niangalie, pengine amekosea. Akaingia chini ya gari kunionyesha fremu ilivyopinda. Stendi hakuwa ameziweka. Alikuwa na haraka ya kunidhalilisha."

"Wewe ukazungusha vali."

"Nikazungusha."

"Na Carlene?"

"Nilikuwa nimelewa. Nilikuwa na miezi mitatu tu zimamoto. Wangenifukuza." Aliinua macho, akamtazama Nadine na si polisi. "Nimeokoa watu wangapi baada ya pale? Waulize."

"Alikufa papo hapo?" Nadine aliuliza.

Chifu aligeuza uso. Roscoe akamsogelea hadi pua kwa pua. "Umeulizwa swali, mzee."

"Hapana," Chifu alisema. "Nilishuka. Taa za gwaride zilikuwa bado zinazunguka, nyekundu. Akaziona, akayaona maandishi ya uokoaji mlangoni. Akatabasamu, akaninyooshea mkono. Alidhani tumetumwa kumchukua."

Quiroz alimfunga pingu, akamtoa nje. Nadine alibaki amesimama mbele ya gari la mumewe, kisha akamgeukia Roscoe.

"Litoe nyumbani kwangu," alisema. "Leo hii."