Toleo Halilingani

Spika zilikohoa. Msicheke bado. Sikusema zilikoroma, wala sikusema zilipiga mluzi kama spika mbovu zinavyopiga. Zilikohoa kikohozi cha mtu anayesafisha koo ili aanze kusema, mchana kweupe, na waya wake ulikuwa unaning'inia chini ya meza bila kuchomekwa popote.

Fundi alikuwa amepiga magoti anatafuta bisibisi. Akainua kichwa, akazitazama, akasema, "Ah, umeme umebaki ndani," akaendelea na shughuli zake. Ndivyo walivyo mafundi wa kompyuta. Ukiwaonyesha pembe za shetani watakwambia ni tatizo la waya.

Alifanyia kazi nyumbani, katika chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Nyuma walilala yeye na mkewe, mkunga wa zahanati, pamoja na binti yao wa pekee waliyempachika jina la Kasuku. Na alistahili! Mtoto alisema akila, alisema akioga, alisema na viatu vyake. Wateja waliokuja na kompyuta zilizozimika waliondoka wanajua mkunga kapika nini jana na baba mtu kajikwaa wapi. Chumba cha uani alikaa mama yake Fundi, na kisa hiki ni chake kuliko cha mtu mwingine yeyote.

Mama huyu alizaa wana wawili. Fundi alikuwa kifungua mimba. Wa pili, Kitinda, alikwenda kufanya kazi mbali, akafia huko na kuzikwa huko, mama asipate hata kumwona. Tangu hapo moyoni mwa mama alibaki mtoto mmoja tu, na si Fundi, aliyemleta kwake akamlisha. Fundi akimletea dawa, mama husema, "Kitinda angeileta mapema." Fundi akichelewa kurudi, anakuta sufuria imeshaoshwa. Jambo hili linanikera mpaka leo, na sioni haya kulisema.

Sasa, Kitinda aliacha video moja. Aliirekodi kazini, salamu kwa mama, akaiweka kwenye ukurasa wa mtandao wa kampuni yao. Mwenzake akaunakili ukurasa mzima kwenye diski akauleta baada ya msiba. Tatizo ni kwamba siku zile video za mtandao hazikucheza hivi hivi. Kivinjari kilitaka kipachikwe plagini, kijiprogramu cha pembeni cha kukisaidia kuonyesha picha na kutoa sauti. Plagini nayo ilitaka pleya yake, programu ya kuichezesha video yenyewe. Na vyote vitatu lazima viwe vya rika moja, la sivyo unaambulia kisanduku cheusi. Diski ile ilikaa kabatini mwaka baada ya mwaka, haichezi kwenye kompyuta yoyote mpya.

"Nataka niisikie sauti yake kabla sijafa," mama alisema siku moja. "Wewe si fundi? Au ufundi wako ni wa watu baki tu?"

Hapo alimpata. Fundi aliziweka kando kazi za wateja, akaitoa stoo kompyuta kuukuu, akaifuta, akaipa kivinjari cha zama zile na pleya ya zama zile. Na kwa kuwa mama hajui Kiingereza, akaigeuza lugha yote iwe Kiswahili. Hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Fundi, kama mafundi wote, husema vesheni. Vesheni mpya, vesheni ya zamani, vesheni zimegongana. Kompyuta ile ilikuwa inasema toleo.

Picha ilitokea. Kitinda akaonekana amekaa kitini, shati jeupe, anatabasamu, midomo inacheza. Sauti hakuna. Mama aliweka kiganja kwenye kioo akalia mpaka mkunga akamletea maji. Chini ya picha palikuwa na maandishi na nafasi ya kuandika: TOLEO HALIPO. INGIZA TOLEO.

"Inataka nini?" mama aliuliza.

"Inataka toleo, mama. Bila toleo haitoi sauti."

"Toleo gani?"

"Lolote linalolingana. Ngoja nikatafute." Akaenda stoo kuchakura diski za zamani.

Aliporudi, ile nafasi ilikuwa imejazwa na mstari wa kijani ulikuwa unatembea. Mama alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani. Mlangoni Kasuku alikuwa anamsimulia mdoli wake habari za paka wa jirani. Chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua, Fundi akafungua dirisha.

"Mama, umegusa kitu?"

"Si umesema inataka toleo?"

"Basi imejipatia yenyewe," Fundi alisema, na akafurahi, masikini ya Mungu. Akapiga magoti kutafuta bisibisi aliyoiangusha, na hapo ndipo spika zilipokohoa.

Kesho yake sauti ikaja. Ilikuwa nyembamba, ya juu, maneno nusu nusu, na haikwenda na midomo. Fundi aliujua ugonjwa huo: pleya na plagini zikiwa za vesheni tofauti, sauti hukimbia na picha hutambaa, mwanamume mzima akaongea kama mtoto mdogo. Akaishusha pleya kwenye vesheni ya zamani. Akaipandisha plagini kwenye vesheni mpya. Akafuta vyote akaanza upya. Kila alipobadilisha, sauti iliongezeka na kuwa wazi zaidi, lakini ilibaki nyembamba vile vile. Na chini ya picha sasa paliandikwa: TOLEO HALILINGANI.

"Hii si sauti yake," mama alisema, macho hayabanduki kwenye kioo. "Lakini inakuja. Endelea."

Asubuhi hiyo Kasuku aliamka koo limemkauka. Mama yake akamsukutulisha maji ya chumvi, akasema ni mafua. Jioni mtoto akawa ananong'ona. Siku iliyofuata akifungua mdomo inatoka hewa tupu. Mkunga akamsogeza dirishani, akamkandamiza ulimi kwa kijiko: koo safi, hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Daktari wa zahanati naye alitazama, akasema labda kapiga kelele mno, apumzishwe. Wakarudi wameshikana mikono, mtoto akionyesha vitu njiani kwa kidole, na mkunga akalia mtaani bila kujificha.

Umeme ulikatika saa sita mchana, mtaa mzima. Feni ikasimama, friji ikanyamaza, na katika ule ukimya Fundi, aliyekuwa jikoni anakunywa maji, akasikia mtu anazungumza chumba cha kazi, anazungumza haraka haraka bila kupumua, na kwa sekunde moja roho yake ikatulia kwa sababu aliijua sauti ile, alikuwa akiisikia kila siku ya maisha yake tangu mtoto ajue kusema, akaiweka bilauri chini akakimbia huku anacheka, mwanangu kapona, akausukuma mlango, na kicheko kikamkatikia kooni. Kompyuta ilikuwa inawaka katika nyumba isiyo na umeme. Kasuku alikuwa amesimama mbele yake, kimya, mdomo unafunguka na kufumba, na ndani ya kioo Kitinda, na shati lake jeupe na ndevu zake zilizonyolewa, alikuwa anafungua na kufumba mdomo pamoja naye, sambamba, neno kwa neno, na kutoka kinywani mwake sauti ya mtoto wa kike ilikuwa inasema, "Halafu baba akajikwaa kwenye ndoo akasema neno baya, lakini mama kasema tusimwambie mtu, halafu paka akakimbia, halafu, halafu, halafu."

Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito mpaka macho yanachuruzika machozi. Nyuma ya Fundi mkewe alikuwa amesimama, ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

"Baba Kasuku," alinong'ona. "Hiyo ni sauti ya mwanangu."

"Ni ves..."

"Usinitajie vesheni." Alinong'ona bado, lakini meno yalikuwa yanagongana. "Usithubutu. Mtoe mtoto hapo."

Wakamwita Shangazi, dada wa marehemu baba yake Fundi. Mwanamke mkali, miwani imefungwa uzi, na kila mtu katika ukoo alijua ana mkono wa kuondoa majini. Alifika asubuhi, akanusa pale mlangoni, akakataa kufukiza chochote. "La kuvunda halina ubani," alisema. Akavuta kiti, akakaa mbali na kioo. "Liliomba nini? Nataka neno lenyewe, usinipe maelezo."

"Liliomba toleo, Shangazi."

"Mkatoa?"

"Shangazi, toleo ni vesheni. Ni namba tu, ya kujua programu ni ya zamani au mpya."

"Namba kwako wewe. Mimi kompyuta siijui, lakini kutoa nakujua. Kinachotolewa ndicho toleo. Jini liulize namba, lipeleke wapi?" Akageuza miwani polepole kuelekea kitanda kidogo cha pembeni alipokuwa amekaa mama yake Fundi. "Wifi. Mbona umejikunyata?"

"Liliniomba, nikaliandikia," mama alisema. "Jina la mtoto. Yule anasema mno. Nikajua akipunguziwa maneno kidogo, bado yatamtosha."

Fundi alimtazama mama yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyezabwa kofi mbele ya watu.

"Basi lirudi," Shangazi alisema. "Aliyetoa ndiye anayeondoa, hakuna mwingine. Sema kwa kinywa chako, toleo langu nimeliondoa. Mtoto atapata sauti yake na sisi twende zetu."

"Nikisema hivyo, Kitinda atanyamaza?"

"Kitinda amekufa, wifi."

"Nimekuuliza, atanyamaza?"

"Atanyamaza."

Mama akajifunga kanga vizuri. "Basi sisemi."

Mkunga alimrukia, ikabidi Fundi amshike kiunoni. "Mama! Mjukuu wako huyu! Mjukuu wako!"

"Bubu huolewa na bubu huzaa," mama alijibu. "Yeye ataishi. Mimi nilinyimwa hata kumzika mwanangu. Na sauti yake mninyime?"

Fundi alipiga magoti mbele ya mama yake. Mtu mzima, mvi zimeanza, alipiga magoti akamshika miguu. "Mama, mimi je? Mimi si mwanao? Mimi ndiye ninayekuomba."

"Wewe upo," mama alisema, akageukia kioo.

Shangazi alimtoa Fundi nje, wakasimama karibu na pipa la maji. Hakuwa mkali tena. "Kuna njia nyingine, na mimi siipendi. Jini haliachii kitu ila likipewa kinacholifaa zaidi. Hili lenyewe linalalamika kwamba halilingani. Sauti ya mtoto wa kike katika kinywa cha mwanamume! Linataka sauti iliyotoka tumbo moja na yule."

Fundi alielewa mara moja. Kulinganisha vitu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hakuuliza mara mbili. Akaenda kwa mkewe akamsemesha sikioni, na mkunga mpaka leo hajamwambia mtu aliambiwa nini. Kisha akampakata Kasuku akamsimulia. Yeye ambaye siku zote alikuwa akisema "nyamaza kidogo mama, baba anafanya kazi", siku hiyo alimwambia kila alichokuwa nacho: alivyozaliwa, nani aliyemchagulia jina, siku alipoogopa jogoo. Mtoto akacheka bila sauti. Fundi akambusu utosini, akaingia chumba cha kazi, akafunga mlango.

Aliandika jina lake kamili, lile alilopewa na huyo mama aliyekaa nyuma yake. Mkunga, sikio limebanwa mlangoni, anasema alisikia kwanza kikohozi, halafu pumzi ndefu inavutwa, ndefu kuliko mapafu ya binadamu yanavyoweza kuvuta, na ndani ya pumzi hiyo akasikia mumewe akianza kupiga kelele, na kelele ile haikuisha kama kelele zinavyoisha, ilihama, ilianzia kwenye kiti cha mumewe ikamalizikia kwenye spika, na huko ikatulia, ikajiweka sawa, ikasema kwa upole, "Shikamoo mama. Mimi mzima. Usilie."

"Marahaba!" mama alilia kwa furaha. "Marahaba mwanangu! Ndiyo yenyewe!"

Uani Kasuku alipiga ukelele ulioshtua kuku wa jirani, "Babaaa!", na tangu hapo hajanyamaza tena. Kwenye kioo paliandikwa: TOLEO LINALINGANA.

"Halijatoka," Shangazi alisema akivaa ndala zake. "Limeridhika tu." Hajakanyaga tena nyumba ile.

Fundi bado anatengeneza kompyuta. Wateja humweleza shida, yeye hutikisa kichwa au huandika, na Kasuku humfasiria kwa kuongeza chumvi. Mkunga alitaka wahame, Fundi akakataa kwa mkono: nani atamtunza mama? Mama hushinda mbele ya kioo kuanzia asubuhi. Video ile ilikuwa fupi, salamu tu, sasa haina mwisho. Inamsimulia, inamuuliza kalalaje, inamwambia anampenda. Yeyote aliyewahi kumpigia Fundi simu, akisimama mlangoni hapo anaitambua sauti mara moja. Mtaa mzima unaitambua. Mama peke yake, aliyemzaa, husema ni ya Kitinda, na hajauliza hata mara moja kwa nini mkubwa wake siku hizi hasemi.

Jana Fundi alimpelekea chai. Akaiweka mezani, akabaki amesimama kando ya kioo, anamtazama mama yake usoni, anangoja. Mama akainua mkono, akampungia kama mtu anayefukuza nzi.

"Sogea," alisema. "Unamziba mwanangu."