Barafu Chini ya Blanketi

Asubuhi ile upepo ulikuwa umelala. Nelida alikuwa jikoni akikaanga mikate ya mafuta. Mumewe, Evaristo Maidana, fundi wa mitambo wa kambi yetu ya utafiti, huku kusini kabisa mwa dunia, alikuwa akifunga mizigo. Binti yao Zulma, wa miaka saba, alikuwa ameshavaa suruali tatu, moja juu ya nyingine. Hakuweza hata kukunja magoti.

"Baba, tunaondoka sasa?"

"Kesho adhuhuri, mwanga ukitoka. Vua hizo suruali, utachemka kama viazi."

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya katikati ya majira ya baridi. Siku hiyo jua huacha kutukimbia na kuanza kurudi. Kila mwaka familia za kambi huvuka ghuba juu ya bahari iliyoganda kwa sleji, vitoroli visivyo na magurudumu vinavyokokotwa na pikipiki za theluji. Huwapelekea nyama ya kondoo wenzetu wanaopima hali ya hewa kwenye kibanda cha ng'ambo. Mwaka huo Tadeo, kaka yake Nelida, alikuwa mmoja wao. Zulma alikuwa hajamwona mjomba wake tangu bahari igande.

Mimi ni mpishi wa kambi. Nilikuwa nimeleta kondoo, nikakaa kunywa mate, chai yetu ya majani machungu inayonywewa kwenye kibuyu kwa mrija. Kibuyu kilikuwa kinazunguka mkono kwa mkono. Mara mlango ukafunguliwa bila kubishwa, kama ilivyo desturi yetu. Aliingia jirani, Ofelia, mtafiti wa barafu.

"Evaristo, kesho mnapita njia gani?"

"Njia iliyowekewa bendera, dada. Kuna nyingine?"

"Ile inayopita karibu na rasi?"

"Ndiyo hiyohiyo. Walipita baba zetu."

"Usimpeleke mtoto huko. Ile barafu siiamini."

Evaristo akacheka. "Wewe huamini hata sakafu ya nyumba yako! Umetoboa ghuba nzima kama panya kwenye gunia. Theluji ya tufani imefika kiunoni pale rasi. Juu pamekuwa hivyo, chini si patakuwa zege?"

Hapo ndipo watu wetu wengi hukosea. Wakiona theluji nene, hudhani barafu ni nene.

Ofelia alipokea kibuyu, akanywa kwanza. Kisha akauliza, "Usiku unajifunika nini?"

"Blanketi tatu. Na mke wangu hunivuta zote."

"Sema tena nikuonyeshe," Nelida akajibu kutoka jikoni.

"Ukijifunika blanketi tatu, unapata baridi au joto?" Ofelia akauliza.

"Joto."

"Basi na bahari ni hivyohivyo. Barafu hukua kwa chini, si kwa juu. Baridi ya hewa hupenya barafu na kuvuta joto la maji, na maji yaliyo chini huganda. Theluji ikirundikana, ni blanketi. Baridi haipiti. Barafu inaacha kukua. Na pale rasi mkondo wa maji unapita kwa kasi, unailamba kwa chini. Juu imefunikwa, chini inaliwa."

"Lakini ilipimwa," Evaristo akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ilipimwa mara moja, kabla ya tufani. Mkuu wa kambi nimemwambia. Kanijibu bendera zipo."

Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. Miaka mingi iliyopita trekta yetu ilizama palepale, na Benicio na Lautaro ndani yake. Asubuhi ya siku waliyozama niliwapa mkate kwa mkono wangu huu. Bendera zilikuwepo, na amri ya kwenda ilikuwepo. Makao makuu wakaandika kwamba ni ajali ya maumbile. Wakatundika ukutani kibao cha shaba chenye majina yao. Kibao kinang'arishwa kila mwaka. Barafu je, inapimwa kila safari?

"Maumbile hayakumwamuru mtu apande trekta," nikawaambia.

Nelida alizima jiko, akaja akifuta mikono.

"Zulma hapandi sleji mpaka nione kwa macho yangu."

"Mama! Mjomba ananingoja!"

"Atangoja. Evaristo, vaa viatu. Jirani, chukua keekee yako ya kutobolea barafu."

Adhuhuri ya siku hiyohiyo tulishuka ufukweni watu wanne, tumefungana kwa kamba moja. Mtoto alibaki kwa mwalimu wake. Ofelia alitangulia na mtaimbo, akigonga barafu mbele yake kabla ya kila hatua. Karibu na ufukwe alifukua theluji, akasimamisha keekee ndefu, akaanza kuizungusha. Ilimchukua muda, akatoka jasho. Maji yalipotokea, alitumbukiza fimbo yenye ndoano na kupima. Barafu ilikuwa nene kuliko urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Hii inabeba pikipiki ya theluji na sleji yake," akasema. "Ikipungua hapo, hatupiti na chombo."

"Sikukwambia?" Evaristo akanikonyeza.

"Tulia. Safari bado," nikamwambia.

Tulifuata bendera. Kila tulipokwenda kidogo, tulitoboa. Tundu la pili lilikuwa pungufu kidogo. La tatu likapungua zaidi. Theluji ilikuwa inaongezeka, na Evaristo alikuwa hacheki tena. Tulipoanza kulikaribia rasi, Ofelia akasimama.

"Sote tubaki hapa. Mnasikia?"

Tulisikia pumzi nzito, kama ya mtu anayekoroma. Mbele yetu, sili, yule mnyama wa baharini, alikuwa ametoa pua kwenye ufa, anavuta hewa.

"Sili huchagua mahali pa kupumulia," Ofelia akasema kwa sauti ya chini. "Hupenda nyufa na barafu nyembamba. Mkimwona, jiulizeni yuko hapo kwa nini."

Akampa Evaristo keekee. "Zungusha mwenyewe."

Evaristo alizungusha mara chache tu. Keekee ikatumbukia. Maji yakapanda, yakalowesha theluji hadi ikawa uji wa kijivu miguuni petu. Uzito wa theluji ulikuwa umeikandamiza barafu chini ya maji. Alipima. Unene wake ulikuwa kama upana wa kiganja.

Alitazama bendera nyekundu mbele yake, imesimama wima inapepea. Kisha akamtazama mkewe.

"Ningempitisha hapa," akasema.

"Turudi," Nelida akamjibu. "Polepole, kwa nyayo zetu zilezile."

Hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tulipofika kwenye barafu nene, Ofelia alituongoza kuelekea katikati ya ghuba, mbali na rasi na mkondo wake. Huko upepo hufagia theluji, na barafu hubaki wazi, ya buluu, inateleza. Haina blanketi, kwa hiyo baridi huishika vizuri. Njia hiyo ni ndefu, wavivu hawaipendi. Tulitoboa mpaka mikono ikafa ganzi. Kila tundu lilipita kiwiko. Mwanga ulipoanza kufifia tulikuwa tumeliona paa la kibanda, na njia nzima ilikuwa imepimwa. Bendera za zamani Nelida alikuwa amezing'oa, moja baada ya nyingine, tangu mahali barafu ilipoanza kupungua. Akazisimika kwenye njia mpya tulipokuwa tukirudi kambini.

Siku ya pili tulivuka wote. Ofelia alikuwa mbele, anatoboa tena.

"Lakini jana si mlitoboa?" Zulma akauliza juu ya sleji.

"Jana ni jana," baba yake akamjibu.

Tadeo alimnyanyua mtoto na suruali zake zote tatu. Kondoo aliliwa, haukubaki hata mfupa wa kuchokonoa.

Haikupita wiki, upepo mkali ukavuma kutoka barani. Barafu ya rasi ilipasuka. Mahali bendera zilipokuwa zimesimama palikuwa na maji meusi, na mvuke ukipanda.

Mkuu wa kambi aliita mkutano. Hakuanza na maji meusi. Alianza na nidhamu.

"Nani aliyeng'oa bendera bila amri yangu?"

Nelida alisimama. "Mimi, mama Zulma. Zirudishe ukitaka, bwana mkubwa. Ila utangulie wewe."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakamtazama mkuu. Alikohoa. Akasema kuanzia siku hiyo hakuna sleji itakayoondoka ufukweni kabla barafu haijapimwa siku hiyohiyo, na mpimaji akisema hapana, ni hapana, hata kwake yeye.

Tumevuka majira mengi ya baridi tangu hapo. Ukutani hakijaongezeka kibao kingine.