Mto Uliopita Mlangoni

Soko la Masasi lilikuwa limefurika watu siku Regina wa Newala alipomrudishia Filemoni gauni lake la waridi, palepale kibarazani penye cherehani.

"Hongera, fundi. Mikono yote miwili umenishonea ya kushoto. Ulijuaje nilivyoumbwa?"

Filemoni alicheka mpaka mguu ukateleza kwenye cherehani. Akaifumua mikono, na kabla msimu wa korosho haujaisha posa ilishafika Newala. Kejeli ile ndiyo iliyomnasa.

Jumapili ya pili ya kutangazwa ndoa yao kanisani, alipanda lori kwenda kuwasalimu wakwe. Alifika mwekundu kwa vumbi, suruali nyeupe haitazamiki. Alikuta debe la maji uani, akaosha uso, miguu, kisha viatu, mpaka debe likabaki tupu. Maji yale Regina aliyapandisha kwa kichwa kutoka bondeni tangu alfajiri.

"Endelea tu, fundi," alisema mbele ya mama na shangazi zake. "Sisi mto umepita mlangoni."

Filemoni akageuka, kweli, kuutazama mto. Shangazi wakaangua kicheko. Akavaa viatu vibichi, akawaaga wakubwa kwa adabu, akarudi na lori lilelile.

Wiki nzima Regina aliitazama njia ya lori. Baba alishasema: bwana harusi asipoonekana Jumapili ya tatu, tangazo atalizuia mwenyewe.

"Mbona Masasi alicheka, mama?"

"Kule mikono ya gauni aliiona, akajua unachosema. Hapa hajui hata maji yetu yanatoka wapi. Angejuaje kwamba ukisema mto, maana yake hakuna? Alichosikia ni kicheko tu, mwanangu."

Jumapili kengele ya kwanza ililia, njia ya lori tupu. Regina alikuwa akifunga kitambaa Filemoni alipotokea upande wa bondeni, debe kichwani, shati limemganda mwilini.

"Nililala kijijini Makote," alisema akihema. "Nimeshuka na kinamama alfajiri. Wamenicheka njia nzima."

Neno la kuchekesha lilimfika Regina ulimini. Akalimeza, akalipokea debe.

"Nisamehe, mpenzi. Nilidhani hutarudi. Nakupenda."

Filemoni alimtazama kwa wasiwasi. "Hiyo kejeli?"

"Hiyo siyo."

"Basi irudie polepole. Sijaizoea."

Kengele ya pili ikalia. Regina akairudia.