Mafundo Mizizini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Adelfina alikuwa akifagia uwanja, kisha akipita shambani kuangalia viazi vitamu. Ulikuwa mwaka wa wakimbizi, na huko Ngara chakula kilikuwa cha kulindwa kama mboni ya jicho. Hata nyumbani kwao, katika kibanda cha nyuma, aliishi Niragira, mama kutoka Burundi aliyekimbia vita akiwa na mtoto wake mchanga. Alimsaidia baba yake Adelfina, Mzee Anatoli, kulima.

Asubuhi moja Adelfina alikuta majani yamegeuka manjano. Tangu hapo marando, yale mashina ya viazi yatambaayo, yalinyauka kila jua lilipopanda, ingawa udongo ulikuwa na unyevu. Tuta baada ya tuta likafa. Hata kwa jirani yao Renatus, aliyegawiwa marando ya kupanda na Mzee Anatoli, hali ikawa hiyo hiyo.

"Tangu yule mwanamke ashike jembe, ardhi imelaaniwa," Renatus alisema mbele za watu.

Maneno yakasambaa kama moto wa nyikani. Wanawake wakaacha kumsalimu Niragira. Siku moja Adelfina alikuta matawi ya miiba yamerundikwa mlangoni pa kibanda. Aliyaondoa kimya kimya, huku vidole vikimtoka damu.

Alijua kitu ambacho wengine hawakukijua. Wakati wa kupanda, baba yake aliona uvivu kwenda mbali kutafuta marando safi. Akaenda na Adelfina, wakang'oa yale ya shamba lililoachwa bondeni, pamoja na mizizi na matope yake. Bwana shamba alikuwa amekataza mtu yeyote kuyachukua.

"Usimwambie mtu," baba alimwonya.

Jumamosi, Renatus na wanaume wengine waliingia uwanjani wakiwa na marungu.

"Anatoli, huyu aondoke leo. Akikataa, tutamtoa sisi."

Niragira alimfunga mtoto mgongoni. Adelfina alimtazama baba yake. Mzee Anatoli alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baba, sema," Adelfina alinong'ona.

Baba aligeuzia uso kando. Renatus akapiga hatua kuelekea kibandani.

"Shikamooni, wazee!" Adelfina alipaza sauti. "Mama Niragira hana kosa. Marando yalitoka bondeni. Mimi na Baba ndio tulioyaleta."

Mzee Anatoli aliinua mkono kama anayetaka kumpiga. Kisha mkono ukashuka.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Mwiteni bwana shamba."

Bwana shamba Shibuda alipofika, aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa imejaa mafundo kama shanga, na viazi vilikuwa vidogo, vimepasuka.

"Hii si laana. Ni minyoo fundo," alisema. "Ni midogo mno, macho hayaioni. Husafiri katika mizizi na udongo. Ng'oeni, chomeni moto, halafu pandeni karanga kwa misimu kadhaa."

"Hakuna kiazi kinachoishinda?" Renatus aliuliza.

"Wataalamu wanakitafuta. Huko maabara wameanza kuhamisha chembe za urithi kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, ili mmea wenyewe uwe na kinga. Lakini bado hakijatufikia. Kwa sasa kinga yetu ni marando safi na jembe lililooshwa."

Renatus aliangusha rungu lake, akamwomba Niragira radhi. Niragira alimfungua mtoto mgongoni. "Mngeniua kwa ajili ya mnyoo," alisema.

Msimu ule walikula kwa kupimiana, lakini karanga zilistawi, na baadaye marando safi yalipoletwa, viazi vilitoka vizima.

Siku ya mavuno hayo Mzee Anatoli alimwita binti yake.

"Adelfina, uvivu wangu uliua shamba, na shamba limepona. Kama ukimya wangu ungemuua mtu, nani angemfufua? Mwanangu, uongo ukiuona, uufichue kabla haujakua, hata kama ni wa baba yako."