Marhamu Isiyokauka

Giza lilikuwa linabisha madirishani mkemia aliporudi maabara kuzima mashine. Kazi ya kufumba na kufumbua, kisha nyumbani kwa mgonjwa. Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa akiyeyuka kama mshumaa. Hospitali walipima, wakapima tena, wasione kitu.

Mashine ilikuwa imemaliza. Kwenye skrini, mstari ulipanda na kushuka kama vilima.

Sampuli ilitoka kwenye kichupa cha jiwe jeupe, cha kuwekea marhamu, mafuta ya kujipaka, kilichofukuliwa kaburini. Alitarajia nta ya nyuki na utomvu wa miti, vilivyochakaa kwa karne nyingi. Badala yake aliona mafuta ya ngozi ya mtu. Mafuta mabichi, yale ambayo huharibika upesi.

Na kando yake, kilima kimoja chembamba.

Dawa ya kifafa.

Vidonge alivyomeza mdogo wake tangu utotoni.

Labda ni mimi, alijiambia. Glavu huacha plastiki kwenye sampuli, ndiyo maana alikuwa amezivua, akanawa kwa spiriti, akakishika kichupa kwa mkono mtupu. Labda mikono haikutakata vizuri.

Akafunua kichupa.

Jana alikikwangua mpaka jiwe likaonekana. Sasa marhamu ilikuwa imefika shingoni. Inang'aa... Vuguvugu... Na ile harufu! Harufu ya kisogo cha mdogo wake, enzi walipolala kitanda kimoja.

"Kimejaa, eh?"

Mama Stoo, mtunza vitu vya kale, alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakimli anayekishika," alinong'ona. "Kinakula wa damu yake."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanipa mkononi, huku unatabasamu!"

"Nimebakiwa na mjukuu mmoja, mwanangu. Mmoja. Ungekuwa wewe?"

Mkemia akatazama huku na huku, akaona nyundo.

"Thubutu! Aliyenitangulia alijaribu. Akagonga jiwe, zikavunjika mbavu za mwanawe. Mpe mtu. Mkono mtupu kwa mkono mtupu, na apokee mwenyewe."

Simu ikalia.

"Dada..." Sauti nyembamba kama uzi. "Dada, nimeshindwa kuinua kijiko."

Ikakatika.

Koridoni, funguo zikacheza. Mlinzi akachungulia, amejaa tele mlangoni, kicheko kikimtangulia kama kawaida yake.

"Dokta, utaolewa na hizo chupa? Nafunga bwana! Wanangu hawalali bila hadithi yangu."

Mkemia akakinyanyua kichupa kwa mkono mtupu.

"Kaka... nishikie hiki kidogo."

Mlinzi akaweka tochi chini. Akafuta viganja kwenye suruali, asije akakichafua kitu cha watu. Akapokea kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepokea kichanga.

"Kha! Mbona cha moto?" Akacheka.

Mama Stoo aliangalia sakafu.

Asubuhi iliyofuata, mdogo mtu alimaliza sahani, akaomba nyingine. Mashavu yakarudi. Alipoimba bafuni, dada yake alijifungia chumbani, akauma mto.

Mlinzi alikuja maabara jioni moja, kofia mkononi. Kicheko hakikumtangulia.

"Dokta, wewe umesoma. Kitinda mimba wangu anakonda. Jana nilimbeba... hana uzito. Hospitali hawaoni kitu. Hakuna kipimo kingine? Dawa? Chochote, dada yangu."

Nyuma yake, rafuni, kichupa kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Tone moja lilikuwa likiteremka ubavuni. Chumba kizima kilinuka maziwa ya mtoto.

Neno lilimjia mkemia mpaka kwenye meno. Akimwambia ukweli, mlinzi atampa nani kichupa? Ni nani mwingine aliyekuwa karibu, ila yeye mwenyewe?

"Hakuna," alisema.

Akaficha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.