Kufuli la Karakana-4

Karani wa genge alikimbia vizuri kwa mtu mwenye kitambi. Alishuka ngazi za ghorofa tatu, akaruka geti la nyuma, akaanguka.

Basi, kwisha.

Sindano, askari mpelelezi, alimkanyaga mkono kwa kisigino cha buti mpaka vidole vikaachia. Diski nyeusi, ndogo kama kiberiti, ikadondoka kwenye saruji.

"Lori liko wapi?"

"Sijui, mama! Haki ya Mungu sijui! Kila kitu kimo humo!"

Alimwamini. Hata hivyo alimkanyaga tena, maana siku yenyewe ilikuwa mbaya.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni. "Sindano, hapa Mizani. Hilux mbili ziko tayari. Twende wapi?"

"Subiri."

"Saa saba na nusu sasa."

"Saa ninayo."

Lori lilibeba vichupa elfu nane vya dawa ya ganzi. Lebo safi, mihuri safi, ndani maji ya chumvi. Mgonjwa angechomwa sindano, angeambiwa atulie, halafu angekisikia kisu chote. Hospitali kubwa zilikuwa sita, na mzigo ulikuwa wa moja. Ukizipigia simu zote, mtu wa genge aliye stoo naye anasikia, na lori linageukia mji mwingine.

Katika mojawapo alilazwa mdogo wake Sindano. Angejifungua kwa kupasuliwa saa tisa.

Sindano hakuwa mtu wa kuomba Mungu. Siku hiyo aliomba.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ndiye mume wa huyo mdogo wake. Sindano mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, akamdhamini kwa sahihi yake. Karakana yake ilikuwa na meza mbili, koleo, nyaya zilizofungamana na feni iliyolia. Vielelezo vya kesi vilichomekwa kwenye kompyuta safi tu, isiyotumika kwa kazi nyingine. Ndiyo sheria, na shemeji aliifuata alipoletewa diski.

"Shemeji, imegoma."

"Imegoma nini?"

"Kivinjari. Siri zao wanaziweka kwenye profaili moja, humu kwenye diski, wanazunguka nayo. Nikiifungua inasema imefungwa."

"Zima, washa."

"Nimeshafanya mara mbili. Mtu akichomoa diski bila kufunga kivinjari, kufuli linabaki. Nalifuta, tunaingia. Kubofya mara moja tu."

Alikuwa ameigeuza skrini ielekee upande wake. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Jasho lilimtiririka, na feni ilikuwa inampuliza usoni.

Sindano akamshika kiganja.

"Nisomee inavyosema."

"Inasema profaili inatumika na kompyuta nyingine."

"Malizia."

"Ndiyo hivyo tu, shemeji."

"Malizia."

Bastola ya Beretta ilitoka bila kelele. Kwa mkono wa kushoto Sindano akaigeuza skrini.

*Profaili inatumika na kompyuta nyingine: KARAKANA-4.*

Hakuhitaji kuitafuta. Ilikuwa kompyuta ya meza ya pili, hatua mbili kutoka hapo, na stika ya ofisi ubavuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikula mpaka mezani kwake kila Jumapili.

"Asubuhi niliingia bila kupiga hodi," Sindano alisema. "Ukachomoa kitu kwenye kompyuta hiyo, ukakitia mfukoni. Nikadhani unamficha mwanamke."

"Shemeji, mimi nilikuwa nawawekea tu alama za vizuizi vya polisi kwenye ramani. Basi! Mzigo unakokwenda sijui, naapa!"

"Bofya."

Akabofya. Kufuli likatoka, na kurasa zote zikarudi kama alivyoziacha asubuhi. Ramani yenye alama zake. Namba ya lori. Na ukurasa wa mwisho, ambao hakuwahi kujisumbua kuufungua: hati ya kupokelea mzigo.

Fundi alisoma jina la hospitali mara mbili.

"Mke wangu yuko huko."

"Mdogo wangu yuko huko." Sindano aliinua redio. "Mizani. Hospitali ya wazazi, geti la stoo. Lori jeupe, namba inaishia tisa-sita. Dereva akileta ubishi, mlaze."

Fundi alirukia simu yake. Sindano aliwahi kuipiga teke, akaisaga kwa buti.

"Umeshapiga za kutosha."

Akamfunga pingu kwenye mguu wa meza, uso umeelekea saa ya ukutani. Akaweka kipokezi cha redio sikioni, akavuta kiti.

Saa nane na dakika arobaini, sauti ikaja sikioni mwake peke yake.

"Tumelizuia getini. Hakuna hata kichupa kilichoshuka. Mtu wa stoo tunaye."

"Wodini?"

"Ganzi nzuri ipo, imeazimwa. Mdogo wako mzima. Anauliza mumewe mbona hapokei simu."

"Sawa."

Fundi alikuwa anamtazama mdomoni. Uso wa Sindano haukumpa kitu.

"Wamewahi? Shemeji, niambie hilo moja tu. Halafu niue."

Sindano alifunga kivinjari kwanza, taratibu, inavyotakiwa. Ndipo akachomoa diski.

"Saa hiyo hapo," alisema. "Itazame."

Akaurudisha mlango bila kuubamiza. Kwenye ngazi alimsikia akilia kwa jina la mkewe, tena na tena. Hakugeuka. Zilibaki dakika kumi na tano kufika saa tisa, na yeye alikuwa anakwenda kuwa mama mkubwa.